Ndege wa Timboni: Niliyojifunza Kando ya Mabwawa ya Bamburi

Mtu akifuatana nami kutazama ndege Bamburi, namwomba asianze kwa kuangalia juu. Ainame kwanza, apekue majani makavu ya mvinje kwa vidole. Chini ya majani atakuta udongo mweusi, laini, wenye harufu ya mvua. Akipekua zaidi kidogo, vidole vitagonga mwamba mweupe wa matumbawe. Mwamba huo ndio uliosagwa ukawa saruji ya nyumba zetu, pwani na bara. Udongo ulio juu yake haujafikia hata umri wa mama yangu. Na kila ndege aliye pale, kuanzia mnana hadi furukombe, yupo kwa sababu kuna watu walioutengeneza udongo huo, nao wakasaidiwa na jongoo.

Kwa asiyepajua, Bamburi iko kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, kando ya barabara ya Malindi. Kampuni ya saruji ilianzishwa hapo mwaka 1951, na kiwanda kikaanza kazi mwaka 1954. Malighafi ilikuwa chini ya miguu, nayo ni matumbawe ya kale yaliyoota zama ambazo bahari ilikuwa juu kuliko leo, kisha maji yakarudi na kuyaacha nchi kavu. Wachimbaji walilipua mwamba, wakachota, wakashuka hadi karibu kabisa na maji ya chini ya ardhi, halafu wakasogea mbele. Nyuma yao likabaki timbo.

Mjomba wangu alifanya kazi timboni ujanani mwake. Siku niliyomchukua kwenda kupatazama tena, alisimama muda mrefu kwenye kivuli akizungusha macho.

"Hapa, mwanangu, jua lilikuwa likikupiga mara mbili," aliniambia. "Linakupiga kutoka juu, halafu mwamba unalirudisha linakupiga usoni. Hukuona hata mjusi."

"Na ndege, mjomba?"

"Ndege aje kula nini? Jiwe?"

Jibu lile nimelibeba tangu siku hiyo, na mengi niliyojifunza kuhusu ndege wa pale yametokana nalo. Ndege haji kwa sababu mahali ni pazuri. Huja kwa sababu kuna cha kula, pa kulala na pa kutagia, na kimoja kikikosekana hupita zake.

Kazi ya kulirudishia timbo uhai ilianza mwaka 1971, chini ya René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi ambaye alikuwa ameajiriwa na kampuni hiyo tangu mwaka 1959. Ilijaribiwa miti ya aina 26 kwenye sakafu ya mwamba, nayo iliyostahimili ni aina 3 tu: mvinje, mnazi na mdamasi wa nchi za Pembe ya Afrika. Mvinje ndio uliotangulia wengine wote. Mizizi yake hufuga bakteria wanaokamata naitrojeni ya hewani, kwa hiyo uliweza kuota mahali pasipokuwa na rutuba yoyote, ukavumilia chumvi, ukavumilia joto.

Lakini tatizo jipya likazuka. Majani ya mvinje ni magumu na yana tanini nyingi, hayaozi upesi. Yalianguka, yakarundikana, yakakaa. Msitu ulikuwapo, udongo haukuwapo. Jibu likapatikana kwa jongoo, yule mweusi mwenye miguu myekundu ambaye kila mtoto wa pwani amemwona akijikunja mvua ikinyesha. Jongoo huyatafuna majani hayo, na kinyesi chake ndicho bakteria wanachoweza kukimalizia kikawa mboji. Wakaletwa wengi, wakaachiwa chini ya miti.

Mjomba anakumbuka watu walivyoshangaa kuona jongoo wakipelekwa timboni. "Sisi tulizoea kuwakwepa," alisema. Kisha akaongeza methali ambayo pale ina mahali pake hasa: "Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Naye akainama kweli, mzee wa magoti mabovu, akafukua majani akamtoa jongoo mmoja akaniwekea kiganjani.

Sisimulii haya ili kupamba habari ya ndege. Ukielewa mpangilio huu wa mvinje, jongoo, udongo, wadudu, kisha ndege, unaanza kujua hata pa kusimama. Wanaokuja kwa mara ya kwanza hukimbilia bwawa kubwa kuliko yote, kwa sababu macho hupenda maji mengi. Mimi huwapeleka kwenye mabwawa madogo yenye matete na mafunjo, pale maji yanapokaribia kwisha.

Maji yenyewe hayakuletwa kwa mfereji. Sakafu ya timbo ilikuwa imeshakaribia maji ya chini, basi palipochimbwa kidogo tu yakatokeza, yana chumvi kiasi kwa sababu bahari haiko mbali. Perege walifugwa humo, kwani wanastahimili chumvi, na maji machafu yaliyotoka kwenye mabwawa ya samaki yakapitishwa kwenye vidimbwi vya mimea ili yasafishike. Vidimbwi hivyo vya kusafishia ndivyo vilivyowavuta ndege wengi wa majini, na nadhani ni jambo la kutafakariwa na kila mtu mwenye shimo kubwa la maji ambaye hajui alifanyie nini. Sehemu ya timbo ilifunguliwa kwa wananchi mwaka 1984, na sasa inajulikana kama Haller Park. Wengi nje ya Kenya waliisikia kwa mara ya kwanza kupitia Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa pwani ya Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, aliyejiambatanisha na Mzee, kobe mkubwa wa Aldabra. Ni habari nzuri na watoto bado wanaiulizia. Ila kiboko na kobe hawahitaji darubini, na mimi nilikwenda kwa ajili ya wenye mbawa.

Sasa nizungumzie ukingo, maana hapa ndipo penye elimu.

Timbo likiachwa jinsi lilivyochimbwa, kuta zake husimama wima. Maji yakijaa humo unapata bwawa lenye kina kirefu kuanzia hatua ya kwanza. Ndege anayeweza kulitumia bwawa la namna hiyo ni yule anayezama, kama mnandi na kibisi, au anayejitupa kutoka juu, kama mdiria mweusi na mweupe yule anayetikisa mbawa akiwa amesimama hewani kabla ya kushuka. Wengine wote wanataka miguu yao ifike chini. Kitwitwi ni mdogo, miguu yake haimruhusu kwenda zaidi ya sentimita chache za maji. Chakula chake kimo kwenye tope lenyewe, minyoo na viluwiluwi vya wadudu. Yangeyange anaingia hadi nusu ya miguu. Kulastara mkubwa anaweza kusimama maji yakimfika magotini, akangoja hapo mpaka ukamwona kama amesahaulika. Fundichuma hukoroga tope kwa miguu ili vyura na samaki wadogo wachomoke. Kwarara hupenyeza mdomo wake uliopinda kwenye tope laini na kutafuta kwa kugusa, wala hahitaji kuona.

Kwa hiyo ukitaka aina nyingi za ndege kwenye bwawa moja, tafuta bwawa lenye mteremko. Penye mteremko mpole, kila hatua unayopiga kuelekea katikati ni chumba cha ndege mwingine. Nimekaa kwenye kidimbwi ambacho mtu mzima angekizunguka kabla chai yake haijapoa, nikaona kitwitwi, yangeyange, kulastara, kukuziwa na mdiria wakila kwa wakati mmoja bila kugombana, kwa sababu hakuna aliyekuwa kwenye kina cha mwenzake.

Mteremko una faida nyingine ambayo huonekana tu ukirudi mwaka mzima. Wakati wa kiangazi cha kaskazi, Januari hadi Machi, maji hupungua na ukanda wa tope hujitokeza siku hadi siku. Tope lililofunuliwa jana bado lina wadudu wa jana. Ndege hulifuata tope hilo likisogea. Masika yakinyesha maji hupanda, tope hufunikwa na kitwitwi hupungua, lakini mnana nao huanza kujenga. Bwawa la kuta wima halina mabadiliko haya. Maji hupanda na kushuka ukutani, basi.

Mdiria alinifundisha jambo jingine. Hutaga mayai ndani ya tundu refu analolichimba mwenyewe kwenye ukuta wa udongo. Timboni samaki ni wengi, matawi ya kukalia yapo, lakini mwamba hauchimbiki kwa mdomo. Nilipogundua hilo nikaacha kumtafuta kila mahali. Nikatafuta mahali ambapo udongo ulirundikwa wakati wa kutengeneza mabwawa, na huko ndiko nilikoanza kumwona akiingia na kutoka na samaki mdomoni, kichwa cha samaki kikitangulia mbele. Akimgeuza samaki namna hiyo, ujue si wake, anampelekea mwingine amtie kinywani bila mapezi kumkwama kooni.

Watu huniuliza watumie darubini gani. Inayokuza mara 8 inatosha. Kubwa zaidi hutikisika mkononi na huonyesha eneo dogo. Lakini kuna kifaa kinachozidi darubini, nacho ni kukaa kitako. Msitu wa mvinje una mwanga wa vipande vipande, ndege akitulia humwoni. Ukitembea, unachokiona ni migongo inayokimbia. Ukikaa, baada ya robo saa hivi kukuziwa hurejea kutoka kwenye matete akipigapiga mkia, sile-maua huanza kutembea juu ya majani yanayoelea kwa vidole vyake virefu, na mdiria mdogo wa buluu, ambaye huenda alikuwa kwenye unyasi huo huo muda wote, hujionyesha kwa kuruka. Kwa sile-maua tazama vizuri ni nani anayeongoza vifaranga. Ni baba. Jike hutaga, dume akaatamia na kulea.

Masikio nayo hufanya kazi kubwa zaidi pale kuliko uwandani. Mnana hutoa kelele zisizo na kikomo, na ukiyazoea makelele ya kawaida utatambua mara moja yakibadilika. Yakikatika ghafla, inua kichwa, kipanga au furukombe yuko angani. Ndivyo nilivyomwona furukombe kwa mara nyingi. Yeye hukaa kimya kwa muda mrefu, ni mnana wanaomtangaza.

Kipindi cha kaskazi kina wageni wake. Mabaharia wa majahazi walizoea kuja na pepo hizo kutoka Uarabuni na Bara Hindi, na ndege nao wana safari zao zinazokaribiana na majira hayo, ingawa wengine hutangulia. Kitwitwi wa kawaida, yule anayetikisa mkia bila kupumzika, huanza kuonekana mwezi wa Agosti. Huyu hazaliani kwetu. Yeye na kitwitwi wa madoa hutaga huko kaskazini, Ulaya na Urusi hadi Siberia, wakati wa kiangazi kifupi cha huko, kisha hushuka Afrika. Ndege wa uzito mdogo kuliko yai la kuku anavuka jangwa na bahari ili afike kwenye kidimbwi kilichokuwa timbo la saruji, nyuma ya barabara ya matatu. Mwenye kitwitwi mbele yake asimpite kwa haraka akimtafuta ndege mwenye rangi. Amtazame alivyo mnene au mwembamba. Anayefika Agosti amekonda. Kufikia Machi amejaa mafuta, na karibu mwezi wa Aprili anatoweka. Tope la Bamburi limemlisha safari ya kurudi.

Keremkerem mwekundu pia huja kipindi hiki, na jioni unaweza kumwona angani juu ya mivinje akikamata nyuki na kereng'ende. Sina la kuongeza kuhusu uzuri wake. Aende mtu akamwone.

Nina maoni yangu kuhusu mvinje, na najua si kila mtu atakubaliana nami. Mti huo ulistahili sifa zote ulizopata, bila yeye kusingekuwa na kitu. Lakini mahali ambapo mvinje umebaki peke yake, msitu ni mkimya. Tunda lake ni gumu, ua lake halina asali. Ndege hupita ndani yake zaidi kuliko kukaa. Kelele huanza pale ilipoingizwa miti ya kwetu, mikuyu na mitini hasa. Mtini ukiiva, timbo zima hujua. Hondohondo huja, shorewanda huja, popo huja usiku na kuangusha mbegu kwenye nyufa za mwamba, ambako mtini mwingine huota bila kupandwa na mtu. Mvinje ulikuwa mkunga, tena mkunga hodari. Ila mkunga hakai chumbani miaka yote, na kuupunguza kwa mpango ili miti ya asili ipate mwanga ni sehemu ya kazi ile ile iliyoanza mwaka 1971. Nikiona mvinje mmoja umekatwa na mbambakofi mchanga amepewa nafasi yake, mimi hufurahi.

Kuhusu kuandika nina msisitizo mmoja: andika ndege wa kawaida. Kila mtu huandika siku aliyomwona ndege adimu. Yangeyange wa kila siku haandikwi, na ndiye ambaye akianza kupungua hatutajua alianza lini. Mimi huandika tarehe, saa, hali ya maji, ukanda wa tope ulivyo mpana, kisha ndege na idadi yao, hata kama ni wale wale. Ukanda wa tope naupima kwa hatua. Baada ya misimu kadhaa daftari lilianza kunionyesha jambo ambalo macho hayakuniambia: idadi ya kitwitwi haikufuata mwezi tu, ilifuata upana wa tope. Mvua za vuli zikichelewa kwisha na maji yakabaki juu hadi Januari, walikuwa wachache hata kama ulikuwa msimu wao. Kumbe walikuwa pwani, wanakwenda kwingine, kwenye mlango wa mto Sabaki au hori la Mida, ambako maji ya bahari hupwa kila siku na tope halikosi.

Daftari la mtu mmoja lina maana zaidi likiungana na ya wengine. Kila Januari hufanyika hesabu ya ndege wa majini kote Afrika, na Kenya imeshiriki kwa miaka mingi kupitia Makavazi ya Kitaifa na Nature Kenya, jumuiya iliyotokana na chama cha elimu ya viumbe kilichoanzishwa mwaka 1909. Upo pia mradi wa Kenya Bird Map, unaogawanya nchi nzima katika miraba ya takriban kilomita 9 kwa 9, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kutuma orodha yake. Miraba ya mbugani imejaa. Miraba ya vijijini na ya mitaa yetu ina mapengo. Mkazi wa Mtopanga, Kiembeni au Utange anayejua ndege thelathini tu ana mchango ambao mtalii aliyepita siku moja hawezi kuutoa, kwa sababu yeye yupo mwezi wa Juni pia.

Sharti nimtaje kunguru, ingawa humtia mtu uchungu. Kunguru wa Bara Hindi aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, akatapakaa pwani yote, na Mombasa alirekodiwa mwaka 1947. Hula mayai na vifaranga. Mnana hutundika kiota chake juu ya maji, kwenye ncha ya kuti au utete mwembamba, ili nyoka na ngedere washindwe. Kunguru hashindwi. Hukamata kiota kwa miguu, akakichana kutoka juu. Nimeketi nikatazama kunguru wawili wakimaliza koloni zima la mnana asubuhi moja, huku madume yakizunguka na kupiga kelele bila msaada. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni 1. Naunga mkono kuwapunguza. Lakini kunguru hawaishi kwa mayai ya mnana, wanaishi kwa taka zetu. Jalala likikaa bila kuzolewa mitaa ya jirani, kunguru timboni huongezeka, na hilo nimeliona msimu baada ya msimu. Anayependa mnana aanze na ndoo ya taka jikoni kwake, aifunike.

Kadiri nilivyozoea Bamburi ndivyo nilivyoanza kuyaona matimbo mengine. Ukipanda matatu kutoka Mtwapa kwenda Kilifi, pande zote mbili za barabara kuna mahali watu wanakata mawe ya kujengea. Si matimbo ya kampuni kubwa. Ni ekari moja, mbili, mwenye shamba amekodisha, mashine inakata, lori linapakia, na jiwe likiisha shimo linaachwa. Mvua hulijaza. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inamtaka mchimbaji airejeshe ardhi, lakini mashimo tunayaona kwa macho.

Baadhi ya mashimo hayo nimeyatembelea baada ya masika. Kibisi hufika haraka ajabu, hata sijui huyaonaje kutoka angani usiku. Bata wenye uso mweupe, wale wanaopiga mbinja wakiruka, hutua alfajiri. Chekeamwezi hutaga juu ya kokoto tupu, mayai yake yana madoa ya rangi ya mawe na unaweza kuyakanyaga usijue. Kitwitwi sijamwona hata mmoja, na baada ya miaka ya kutazama kingo za Bamburi sababu niliijua kabla sijashuka kwenye matatu. Kuta ziko wima pande zote nne.

Kuta hizo hizo ndizo zinazoua watoto. Kijana anaingia kuogelea, maji yanamzidi kimo, anafika ukutani hana pa kushika. Mbuzi vilevile. Hakuna kijiji chenye timbo nilichofika nisisimuliwe kisa.

Kwa hiyo nilipozungumza na mzee mmoja mwenye timbo karibu na Takaungu, sikuanza na ndege. Nilimsalimia, nikakaa naye, nikamweleza kwamba mashine ingali ipo, na kwamba upande mmoja tu wa shimo unaweza kukatwa kwa mteremko, kila mita 1 ya kina ipewe mita 10 za kushuka, kifusi kinachotupwa kikatandazwa hapo badala ya kurundikwa nje. Mtoto akiangukia maji atapata pa kutokea. Mbuzi watakunywa bila kuteleza. Na tope litakuwapo kila kiangazi. Nilimwambia kuhusu kitwitwi mwishoni, naye akacheka, akasema huyo anayetikisa mkia anamfahamu tangu utotoni, walikuwa wakimwona kwenye mpunga.

Alituonyesha, mimi na wenzangu, kona ya kaskazini, ambako jiwe lina nyufa na wakataji hawalitaki. Hiyo, alisema, mnaweza kuichukua. Swali lake lilikuwa moja, nani atalipa dizeli ya tingatinga. Mashine inaondoka kabla ya vuli, na mpaka sasa tumechanga ya nusu siku.